Mgeni wa Maabara Tatu

Swali la shangazi ni fupi: "Kwani wewe unasomea nini hasa?" Huulizwa kwa simu, matangani, kwenye ruracio, popote mtu aliyeko majuu anapoangukia mikononi mwa jamaa zake. Wa sheria hujibu kwa neno moja. Wa uuguzi pia. Lakini aliyeingia mwaka wa kwanza wa uzamifu wa sayansi za bayomedikali huko Marekani, kupitia zile programu za taaluma mseto, hana hilo neno moja. Akisema ukweli ulivyo atajibu, "Shangazi, bado sijachagua." Laini inanyamaza kidogo, kisha unasikia: "Bado? Na hiyo miaka yote umesoma?"

Shangazi hana makosa. Ameuliza swali la maadili bila kuliita hivyo. Mtu mzima, aliyesoma miaka kumi na sita au zaidi kwa jasho la wengine, ana haki gani ya kuendelea kutochagua? Na anapozunguka kutoka mlango huu hadi ule, nani anabeba gharama?

Kwanza tuelewane mambo haya huendaje. Vyuo vikuu vingi vya Marekani, Vanderbilt kule Nashville na North Carolina kule Chapel Hill vikiwemo, humpokea mwanafunzi wa bayomedikali bila kumfunga kwa idara. Hajaingia kwa biokemia, wala jenetiki, wala elimu ya kinga ya mwili. Ameingia chini ya mwavuli mmoja unaozifunika zote. Mwaka wa kwanza anahudhuria masomo ya pamoja, na saa zilizobaki yuko maabara. Si maabara moja. Anakaa katika ya kwanza kama majuma manane hadi kumi, anafungasha, anaenda ya pili, halafu ya tatu, pengine ya nne. Mwezi wa Oktoba anakuza vimelea vya malaria kwenye visahani. Januari yuko mbele ya kompyuta akiandika programu ya kusoma mfuatano wa jeni. Aprili anafuga panya. Mwisho wa mwaka anachagua maabara moja, mwenye maabara naye akikubali, na hapo ndipo atakapokaa miaka mingine minne au mitano. Muda wote huo halipi karo. Yeye ndiye anayelipwa posho.

Kwa Mkenya hii ni hadithi ya ajabu, kwa sababu sisi tumelelewa katika nchi ya kuchagua mapema. Waliopitia 8-4-4 wanakumbuka pale masomo yalipopunguzwa: Historia ama Jiografia, Biashara ama Kilimo, na kuanzia hapo mlango mmoja umefungwa. Kisha alama za KCSE, kisha KUCCPS, kisha unaitwa kusomea kitu ambacho hukukijua jina mwaka uliotangulia. Watoto wa CBC walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 walitakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, wengi wao hawajafika hata miaka kumi na sita. Na ukifika uzamifu hapa kwetu, mara nyingi unakuja na pendekezo lako la utafiti mkononi, unatafuta wasimamizi, na karo unajisukumia mwenyewe huku ukifundisha vipindi vya hapa na pale. Sasa mtu akikuambia kuna mahali ambapo unalipwa mwaka mzima ili ujaribu-jaribu, utamuuliza kama amekunywa.

Lakini wivu si hoja. Hebu tuwasikilize wanaopinga, na tuwasikilize vizuri.

Mwaka wa 1917, huko Munich, Max Weber alitoa mhadhara kwa wanafunzi kuhusu sayansi kama wito. Ujumbe wake ulikuwa mkali. Sayansi, alisema, imeingia katika enzi ya ubobezi ambayo haitaisha. Asiyeweza kujifunga macho pembeni, akaamini kwamba hatima ya roho yake inategemea kulipata sawasawa jambo hili moja dogo alilonalo mezani, basi na akae mbali na sayansi. Wahenga wetu wangeitikia. Mshika mbili moja humponyoka. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Na ukiangalia kazi yenyewe, Weber ana haki. Hakuna anayejua elimu ya kinga ya mwili kwa majuma kumi. Majuma kumi yanatosha kujua pipeti zinawekwa wapi, nani hapendi kuguswa vitu vyake kwenye friza, na kuharibu jaribio moja ama mawili. Anayedai kwamba baada ya mizunguko mitatu ameiva katika taaluma tatu anajidanganya, ama anaandika wasifu wa LinkedIn.

Upande wa pili yuko Mhispania José Ortega y Gasset. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1930 kuhusu uasi wa umma, alimchora mwanasayansi wa kisasa kama aina mpya ya mshenzi: mtu anayekijua kipembe chake kidogo cha ulimwengu kwa ustadi, hajui chochote kuhusu mengine, halafu anayazungumzia hayo mengine kwa kiburi cha mtu anayejua. Si mjinga, kwa maana kuna kitu anakijua. Si msomi, kwa maana hajui asichokijua. Sote tumewahi kumwona huyu mtu. Tulimwona sana wakati wa korona, akiwa na cheti halali kabisa cha kitu kingine.

Kwa hiyo Weber anatuambia bila kujifunga hutafika popote, na Ortega anatuambia ukijifunga sana utafika ukiwa kipofu. Wengi wanaozipigia debe programu hizi za taaluma mseto husema zimepata dawa ya ugonjwa huu: mpe mwanafunzi mwaka mmoja wa upana, kisha miaka mitano ya kina, basi. Mimi sina uhakika kwamba dawa ni rahisi hivyo. Na mtu anayenitia shaka ni wa hapa nyumbani.

Januari 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani, akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alikuwa ameahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika zoolojia. Alipofika kuripoti, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ukabila na kuwa mwanamke vilichangia. Aliyemfungulia mlango mwingine alikuwa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Basi Wangari akaingia anatomia, akatafiti ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata.

Baadaye alitoka kwenda mashambani kukusanya kupe. Alikuwa akitafiti ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe wa gredi, East Coast fever kama wafugaji wetu wanavyouita. Akiwa huko na kupe wake, akaona vitu ambavyo havikuwa kwenye utafiti. Mito ilikuwa na rangi ya udongo. Ng'ombe walikuwa wembamba, mbavu unazihesabu. Nyasi hakuna. Akaanza kufikiri kwamba kupe si tishio kubwa kuliko yote kwa ng'ombe hawa, kwamba ardhi yenyewe ndiyo inayougua. Mwaka wa 1977 akaanza kupanda miti. Mengine unayajua, mpaka Oslo mwaka wa 2004.

Sasa angalia. Hakuna aliyempa Wangari mwaka wa kuzunguka maabara tatu. Hakupewa nafasi ya kuchagua, alifungiwa mlango akaingia uliokuwa wazi. Na bila kina hangekuwa pale shambani kamwe. Ni kupe waliompeleka huko. Lakini kama angekuwa amejifunga macho pembeni kama Weber anavyotaka, angerudi Chiromo na chupa ya kupe na habari za kupe, basi. Upana wake haukutoka kwenye ratiba ya masomo. Ulitoka kwenye kuinua kichwa akiwa katikati ya kazi ndogo.

Kama ni hivyo, ule mwaka wa kuzunguka una faida gani? Maana kuinua kichwa hakuhitaji posho.

Nadhani faida yake haiko pale inapotangazwa. Mizunguko haikufanyi mjuzi wa mambo matatu. Inakufanya mgeni mara tatu, na hilo ni jambo tofauti.

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipozunguka akizungumza na wazee wenye hekima vijijini, alitofautisha aina mbili za wenye hekima. Wako wanaoijua mila ya watu wao kwa undani, wanakupa methali kwa kila jambo, lakini hawatoki nje ya ile mila. Na wako wanaoijua vilevile, ila wanaweza kusimama pembeni yake na kuuliza: je, hii ni kweli? Ni haki? Oruka aliwaita hawa wa pili wanafalsafa.

Kila maabara ni kijiji chenye mila. Kuna namna ya kuhesabu seli, kuna majaribio ambayo hufanywa kila mara na mengine ambayo hayafanywi, na ukiuliza sababu unaambiwa ndivyo tunavyofanya. Chukua hili. Kwa miongo mingi maabara nyingi zilitumia panya madume tu. Hoja ilikuwa kwamba mzunguko wa homoni za panya majike utavuruga matokeo. Mila hiyo ilionekana ya busara kabisa kwa waliokuwa ndani. Kumbe walikuwa wanajenga elimu ya dawa juu ya nusu ya viumbe. Mwaka wa 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kwa nusu kipimo cha zolpidem kinachopendekezwa kwa wanawake, dawa ya usingizi iliyokuwa sokoni miaka mingi, kwa sababu inakaa zaidi katika miili yao na wengine walikuwa wanaendesha magari asubuhi ikiwa bado imo damuni. Ni mwaka wa 2016 tu ambapo taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, NIH, zilianza kuwataka watafiti wanaoomba pesa waeleze jinsia ya wanyama wao imezingatiwaje.

Mtu wa kuuliza "mbona panya wote ni madume?" si lazima awe mjuzi. Mara nyingi ni mgeni, aliyetoka kwingine wiki jana, ambaye macho yake hayajazoea. Mwenyeji anamcheka. Wiki ya tano mwenyeji analala akifikiria lile swali. Hiyo ndiyo kazi ya mgeni, na ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya niseme mwaka wa kutochagua unaweza kuwa halali.

Nimesema unaweza. Kwa sababu ugeni una upande wake wa giza, na upande huo nao una historia.

Watu wakitaka kusifu kuvuka mipaka ya taaluma, humtaja Francis Crick. Ni mfano mtamu. Mwanafizikia, aliyefanya kazi ya mabomu ya baharini wakati wa vita, akahamia biolojia akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1953, yeye na James Watson walipotangaza umbo la DNA, Crick alikuwa na miaka 36 na bado hajamaliza uzamifu. Aliupata mwaka uliofuata. Kwa hiyo kama shangazi anakusumbua, mwambie habari za Crick.

Lakini ukimwambia, mwambie na nusu ya pili. Mwezi wa Mei 1952, katika King's College ya London, Raymond Gosling, mwanafunzi wa uzamifu aliyekuwa akisimamiwa na Rosalind Franklin, alipiga ile picha ya eksirei ya DNA inayojulikana kama Picha 51. Gosling mwenyewe alikuwa amehamishwa, kwanza chini ya Maurice Wilkins, kisha chini ya Franklin, kisha akarudishwa kwa Wilkins. Januari 1953 Wilkins akamwonyesha Watson ile picha bila Franklin kujua. Vipimo vyake vingine viliwafikia Watson na Crick kupitia ripoti ya ndani. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu uzito wa picha yenyewe, na siku hizi wengi wanasisitiza kwamba Franklin alikuwa mshiriki kamili wa ugunduzi, si mtu wa pembeni. Ila hili halibishaniwi: kazi yake ilivuka mlango bila yeye kuulizwa. Alifariki mwaka wa 1958 akiwa na miaka 37. Nobel ya mwaka wa 1962 walipewa Watson, Crick na Wilkins.

Kuvuka mipaka, basi, si sifa peke yake. Mwizi pia huvuka mipaka. Swali ni kama umepiga hodi.

Na kupiga hodi hakuishii kwa wenye maabara. Rudi kwa yule mwanafunzi wa Oktoba anayekuza vimelea vya malaria. Njia ya kuvikuza mfululizo ilipatikana mwaka wa 1976, na inahitaji chembe nyekundu za damu ya binadamu, zinazobadilishwa mara kwa mara. Ile damu imetoka kwenye mkono wa mtu. Januari, zile jeni anazozisoma kwenye skrini, herufi nne zikijirudia mpaka macho yaume, zinaweza kuwa za mtoto aliyelazwa na homa. Aprili, huenda akapewa seli za HeLa, ambazo zilichukuliwa mwaka wa 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Hakuulizwa. Alifariki mwaka huohuo, na seli zake zimegawanyika katika maabara za dunia nzima tangu hapo. Familia yake ilikuja kujua miaka ya 1970. Mwaka wa 2023 ndipo kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara, Thermo Fisher, ilipofikia maafikiano na wenye urithi wake.

Sisi watu wa huku tulikuwa na neno la jambo hili kabla ya kamati za maadili kuanzishwa. Pwani waliita mumiani: watu wanaokuja kuchukua damu yako kwa ajili ya faida usiyoijua. Nairobi ya mkoloni ilisemwa ni wazimamoto. Tukisoma shule tunafundishwa kuzicheka hizo hadithi. Mimi siku hizi sizicheki. Hakuna gari lililokuwa likibeba watu usiku kuwanyonya, sawa. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na swali timamu kabisa: damu yangu inaenda wapi, na nani atafaidika nayo? Kule Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka wa 1989, watafiti walikutana na hofu hizohizo, na sehemu ya jibu lao ikawa kuwa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wenyeji, watu wa kuuliza na kuulizwa. Huko ni kupiga hodi, na hodi ya namna hiyo haipigwi mara moja ikaisha.

Sasa mchukue yule mwanafunzi mwenye majuma kumi. Hakuwepo sampuli zilipochukuliwa. Hatakuwepo matokeo yatakapotoka. Kwake kile kichupa ni zoezi, njia ya kujua kama anaipenda maabara hii ama aende ile nyingine. Hapa ndipo ninapoona hatari halisi ya mwaka wa kutochagua. Si kwamba atapoteza muda wake. Ni kwamba anaweza kuzoea kushika vitu vya watu kama mtu anayepita.

Kwa bahati, Kiswahili kilishalifikiria tatizo la mtu anayepita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Methali hii hutumiwa vibaya, kama njia ya kumfukuza mtu aliyekaa sana sebuleni. Isome tena. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema mpe jembe. Siku mbili za kwanza ni haki yake kutojua chochote, kulishwa, kuuliza maswali ya kipumbavu. Siku ya tatu anaingia kwenye shamba la wenyeji kama mmoja wao, hata kama kesho anaondoka. Jembe ni namna ya kumheshimu. Linasema: mikono yako nayo inahesabika hapa.

Jembe la mwanafunzi wa mizunguko ni lipi? Si ugunduzi. Hakuna anayemdai ugunduzi kwa majuma kumi. Jembe lake ni vitu vidogo ambavyo havina picha nzuri. Daftari la maabara ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma na kurudia alichofanya, pamoja na siku ambazo jaribio lilikataa. Vichupa vyenye lebo: nini, lini, nani, kutoka wapi. Fikiria friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, imejaa visanduku. Kichupa kisicho na lebo humo ndani ni kitu cha kusikitisha kuliko kinavyoonekana. Huenda ni mililita moja ya plazma ya mtoto wa Kilifi ambaye mama yake alikubali, baada ya kuuliza maswali yake yote, kwamba atobolewe kwa ajili ya watoto wengine. Miaka miwili baadaye mtu anakikuta, hajui ni nini, anakitupa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuna atakayeitwa mbele ya kamati. Lakini ahadi aliyopewa yule mama imekufa pale, mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuhamia maabara ya pili.

Kuna na jembe la kuaga. Mizunguko mitatu maana yake watu wawili watakufundisha kisha uwakatae. Mtu alikaa nawe jioni akikuonyesha namna ya kupasua kiini cha tatizo, akiamini pengine utabaki. Hadaiwi kubaki kwako, hiyo iko kwenye makubaliano. Anadaiwa ukweli, mapema, uso kwa uso, si barua pepe ya usiku. Na ukweli huo ni mgumu kwa sababu mizani hailingani: mwenye maabara ana jina na pesa, wewe una viza. Kwa hiyo deni ni la pande zote mbili. Mwenye nyumba anayempa mgeni kazi za kufagia tu majuma kumi, ama anayemfanya ashindane na mgeni mwenzake kwa nafasi moja bila kuwaambia, naye amevunja methali. Mpe jembe ina maana kuna shamba, na umemwonyesha mipaka yake.

Halafu kuna deni la nyumbani, na hili ndilo shangazi alilokuwa akilinusa tangu mwanzo.

Ile posho haitoki mbinguni. Sehemu kubwa ya pesa za kuwafunza wanasayansi hawa ni kodi ya Wamarekani, kupitia NIH. Mwaka wa 2025, bajeti zilipotikiswa, baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi za uzamifu, na vingine vikafuta barua za kukubaliwa vilizokuwa vimeshatuma. Watu waligundua kwa uchungu kwamba uhuru wa kutochagua hulipiwa na mtu aliyechagua kukulipia. Na ukiwa mtoto wa Kakamega ama Kayole, kuna mlipaji mwingine. Ni ndugu mdogo anayengoja umalize ndipo yeye aanze. Ni mama anayesema "soma tu, mwanangu, usijali" huku akijali. Kila mwaka unaouongeza njiani, mtu nyumbani naye anauongeza wa kwake. Black tax, tunavyoiita tukitania, hulipwa pia na wale waliobaki, kwa sarafu ya kusubiri.

Je, hilo linamnyima kijana wetu haki ya ule mwaka? Wako watakaosema ndiyo: maskini hana ruhusa ya kujaribu-jaribu, achukue kinacholeta mkate. Ninaielewa hoja hiyo na ninaipinga. Ukiifuata mpaka mwisho, inasema kwamba maswali mapana ni mali ya watoto wa matajiri, na sisi wengine tuzaliwe tayari tumeshajifunga macho. Basi nani atakayeinua kichwa shambani akaona mto umebadilika rangi? Magonjwa yetu hayakai ndani ya idara. Malaria ni vimelea, ni mbu, ni maji yaliyotuama, ni neti iliyotumiwa kufunika mboga, ni bajeti ya kaunti. Mtu wa kuyaona yote kwa pamoja lazima awe amewahi kuwa mgeni katika zaidi ya nyumba moja.

Ila haki hiyo si ya kustarehe. Ni kama mkopo wa chama: wenzako wamekuchangia zamu yako ije mapema, na kinachofanya zamu hiyo iwe halali ni kwamba unajua majina yao. Anayejua ni nani amelipa hawezi kugeuza mwaka wa kujaribu kuwa maisha ya kujaribu. Wako watu wa aina hiyo, wageni wa kudumu, wenye lugha ya kila idara na shamba la hata moja hawana. Weber aliwaogopa hao, na hapo ninamuunga mkono. Kuchagua maabara mwishoni mwa mwaka si kupata jibu la "mimi ni nani". Ni kuahidi: kwa miaka mitano ijayo, tatizo hili moja likinishinda litanikuta hapa hapa. Ahadi ya aliyeona nyumba tatu ina uzito kuliko ya aliyefungiwa katika moja akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu anajua anaacha nini.

Ndiyo maana ninadhani swali hili haliwahusu wachache wenye viza tu. Linamhusu mtoto wa Gredi ya 10 aliyechagua njia kwa sababu shule ya karibu ina njia hiyo moja pekee. Linamhusu aliyeitwa na KUCCPS kwenye kozi ambayo hakuiota. Hatuwezi kuwapa wote mwaka wa mizunguko. Lakini tunaweza kuacha kuwaambia kwamba kuuliza nje ya njia yao ni kupoteza mwelekeo, na wao wanaweza kujifunza mapema tabia ya mgeni mwema: ingia kwa hodi, uliza lile swali ambalo wenyeji wamelizoea, fanya kazi siku ya tatu.

Na siku ya kuondoka, kabla ya kukabidhi ufunguo wa maabara ya kwanza, fungua friza. Toa kile kisanduku chako, soma lebo moja moja kama ambaye hakukuwepo. Usipoelewa, rudi uketi uandike upya. Maabara ya pili itangoja nusu saa.